Uzamili wa Mambo ya Uchina kutoka Kakamega: Njia Nne na Bei Zake

Novemba 2022 serikali ya Kenya ilitoa hadharani mikataba ya mikopo ya reli ya SGR, ambayo ilitiwa saini na Benki ya Exim ya Uchina mwaka 2014. Ndipo wananchi wengi wakajua kwamba mizozo kuhusu mikopo hiyo itaamuliwa Beijing, kwa sheria za Uchina. Reli yenyewe ilifika Naivasha mwaka 2019, na mpango ni kuivusha hadi Kisumu na Malaba, mlangoni petu sisi watu wa Magharibi. Mzozo ukizuka kesho, ni Wakenya wangapi wanaoweza kuzisoma sheria hizo katika lugha zilimoandikwa?

Kwa sababu hiyo ninafurahi kila ninapoulizwa na kijana aliyemaliza shahada ya kwanza pale Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, au mwalimu wa sekondari wa Mumias au Malava, jinsi ya kusomea siasa, jamii na lugha ya Uchina katika ngazi ya uzamili. Wengi huanza na karo. Mimi huwarudisha nyuma hatua moja, kwa kuwa karo inaweza kufutwa na ufadhili, lakini ipo gharama ambayo hakuna mfadhili atakayekulipia: muda wa kujifunza Kichina. Njia nne ninazozilinganisha hapa nimezipima kwa shilingi na kwa muda huo. Nimehesabu yuan moja kuwa shilingi 18, pauni shilingi 170 na euro shilingi 150. Viwango hubadilika, kwa hiyo rudia hesabu siku utakapoamua.

Kwanza, bei ya lugha

Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huwafundisha wanadiplomasia wake lugha kwa ratiba inayojulikana. Kiswahili hupewa wiki 36. Kichina hupewa wiki 88, yaani saa 2,200 darasani. Mtu wa Kakamega akisoma saa mbili kila jioni, siku tano kwa wiki, atafikisha saa 500 hivi kwa mwaka. Kwa mwendo huo, saa 2,200 ni zaidi ya miaka minne.

Habari njema ni kwamba huhitaji kufika mwisho wa safari ili uanze masomo. Mtihani wa Kichina, HSK, umepangwa kwa viwango. Katika mpangilio uliozoeleka wa viwango sita, HSK 3 hudai maneno 600, HSK 4 maneno 1,200 na HSK 5 maneno 2,500. Vyuo vingi vya Uchina vinavyofundisha uzamili kwa Kichina humtaka mwombaji awe na HSK 4 au zaidi.

Utasomea wapi? Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofunguliwa Desemba 2005, ndiyo ya kwanza barani Afrika. Nyingine ziko Chuo Kikuu cha Kenyatta, Egerton pale Njoro, na Moi upande wa Eldoret. Kwa mkazi wa Kakamega, ya Moi ndiyo ya jirani. Ipo pia ya Makerere jijini Kampala, na kwa barabara ya Mumias na Busia, Kampala iko karibu nasi kuliko Nairobi. Mkenya huvuka mpaka ule kwa kitambulisho tu. Kabla ya kulipa popote, uliza mambo matatu: darasa lina saa ngapi kwa wiki, karo inajumuisha vitabu au la, na mtihani wa HSK hufanyiwa hapo mara ngapi kwa mwaka.

Njia ya kwanza: kubaki nyumbani

Unaweza kusoma uzamili wa diplomasia na masomo ya kimataifa Nairobi, au amani na migogoro hapa Masinde Muliro, kisha ukaandika tasnifu kuhusu Uchina. Mada zipo tele: mikopo ya reli, Kichina kama lugha ya hiari katika mtaala wa CBC, au kampuni za Kichina na mafundi wa Kenya.

Kwa fedha, njia hii ndiyo nyepesi kuliko zote kwa mtu ambaye hana ufadhili. Unaendelea kupata mshahara, unalala kwako, na unaweza kuomba msaada wa HELB au mkopo wa Sacco. Gharama kubwa zaidi ni miaka: wanafunzi wengi wenye kazi humaliza masomo ya darasani kwa wakati, kisha tasnifu ikawakwamisha.

Upungufu wake uko kwenye lugha. Bila Kichina utaisoma Uchina kupitia macho ya waandishi wa Kiingereza, na si rahisi kumpata msimamizi anayesoma nyaraka za Kichina. Ukichagua njia hii, lipia darasa la lugha sambamba na karo, na ulihesabu kuwa sehemu ya uzamili wenyewe.

Njia ya pili: ufadhili wa serikali ya Uchina

Huu ndio mlango mpana zaidi. Ufadhili kamili wa serikali ya Uchina, ambao wengi huuita CSC, hulipa karo, malazi na bima ya afya, na humpa mwanafunzi wa uzamili posho ya yuan 3,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 54,000. Wa uzamivu hupata yuan 3,500. Mwombaji wa uzamili asiwe amepita miaka 35, na wa uzamivu 40. Kwa kawaida maombi hupokelewa mwanzoni mwa mwaka, kupitia serikali zetu mbili au moja kwa moja kupitia chuo.

Posho hiyo inatosha kuishi, kwa sababu mlo wa kantini ya chuo ni wa bei nafuu na bweni limelipiwa. Haitoshi kulea familia iliyobaki Shinyalu.

Sasa tuangalie usicholipiwa. Mara nyingi nauli ya ndege ni juu yako, na mimi hushauri mtu atenge angalau laki moja. Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,550, na cheti cha maadili mema shilingi 1,050. Alama za vidole utachukuliwa papa hapa Huduma Centre. Kuna uchunguzi wa afya kabla ya kuondoka, na ukifika huko una siku 30 za kushughulikia kibali cha ukaaji, ambacho ni yuan 400 kwa mwaka. Baadhi ya vyuo hutoza ada ya maombi, mara nyingi kati ya yuan 400 na 800. Ukiomba vyuo vitatu, ada hizo peke yake zinaweza kupita shilingi 20,000. Jumla ya kuondoka nyumbani, basi, ni kama shilingi 150,000 hadi 200,000. Chama na harambee ya familia vinaweza kulibeba hilo.

Gharama nyingine ni muda. Asiyejua Kichina hupelekwa kwanza kusoma lugha kwa mwaka mmoja au miwili, kisha huanza uzamili wa miaka miwili au mitatu. Ukienda bila neno hata moja, hesabu miaka minne. Ukienda na HSK 4, umejipunguzia angalau mwaka.

Anayependa lugha yenyewe na ualimu aangalie pia ufadhili wa walimu wa Kichina wa kimataifa, uliokuwa ukiitwa ufadhili wa Taasisi ya Confucius. Posho ya uzamili ni ileile ya yuan 3,000, na sharti ni HSK 5 pamoja na mtihani wa kuzungumza.

Asiyepata ufadhili wowote ajue kwamba karo ya uzamili wa sayansi ya jamii nchini Uchina huwa kati ya yuan 20,000 na 40,000 kwa mwaka, yaani shilingi 360,000 hadi 720,000, kabla ya chakula na malazi.

Njia ya tatu: Beijing kwa Kiingereza

Yenching Academy ya Chuo Kikuu cha Peking, iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2015, hutoa uzamili wa masomo ya Uchina, ukiwemo mkondo wa siasa na uhusiano wa kimataifa. Schwarzman Scholars katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, iliyoanza kufundisha mwaka 2016, ni uzamili wa mwaka mmoja wa masuala ya dunia kwa watu wenye miaka 18 hadi 28. Programu zote mbili hulipa karo, malazi, posho na safari.

Kwa mfuko wako hakuna iliyo nafuu kuzidi hizi. Ugumu ni kuingia: Schwarzman huchukua watu wasiofika 200 kwa mwaka kutoka dunia nzima. Na kwa kuwa masomo ni ya Kiingereza, unaweza kurudi na shahada nzuri huku ukiwa bado huwezi kusoma gazeti la Beijing.

Njia ya nne: Ulaya

SOAS ya London imefundisha lugha na jamii za Asia na Afrika kwa zaidi ya karne, Kiswahili kikiwemo. Uzamili wake huisha kwa mwaka mmoja. Karo ya mgeni hupita pauni 20,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 3.4. Juu yake kuna ada ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, na ushahidi wa fedha za kuishi London. Hiyo ni bei ya shamba. Nasema wazi: usiuze ardhi ya familia kwa ajili ya uzamili huu. Subiri ufadhili wa Chevening, unaodai miaka miwili ya kazi na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka miwili.

Ujerumani hali ni tofauti. Vyuo vingi vya umma havitozi karo, lakini ili upate viza lazima uonyeshe fedha zilizofungiwa benki, euro 11,904 kwa mwaka, karibu shilingi milioni 1.8. Isitoshe, uzamili wa masomo ya Uchina huko mara nyingi hudai uwe tayari umesoma Kichina. Kwa hiyo hata penye karo ya bure, lugha inakusubiri mlangoni.

Kuna jambo moja ambalo kwalo London na Berlin huishinda Beijing: uhuru wa mada. Nchini Uchina huwezi kujadili hadharani yaliyotokea Tiananmen Juni 1989, na msimamizi wako atakuelekeza mbali na mada kama hizo. WhatsApp na Google hazifunguki kwa mtandao wa kawaida, kwa hiyo wafundishe wazazi WeChat kabla hujaondoka. Kwa upande mwingine, maisha ya kijijini, sokoni na kiwandani nchini Uchina hayapatikani katika maktaba yoyote ya London.

Nani achague nini

Kijana mwenye miaka 23, asiye na watoto: njia ya pili ni yako. Anza lugha mwaka huu, fanya HSK 3 kisha HSK 4, ndipo uombe. Omba na njia ya tatu pia, kwani hakuna ubaya wa kujaribu.

Mwalimu mwenye familia na mkopo: baki nyumbani, lakini usiuache uzamili bila lugha. Waulize TSC kuhusu likizo ya masomo kabla ya kutia saini popote, maana mwezi mmoja bila mshahara unaweza kuwa ghali kuliko muhula wa karo.

Mwanahabari au mfanyakazi wa shirika mwenye uzoefu wa miaka kadhaa na mada nyeti: elekea Ulaya kwa ufadhili, au subiri.

Wote wajihadhari na mawakala wanaoahidi kwamba ufadhili umehakikishwa. Fomu ya CSC hujazwa mtandaoni bure, na hakuna wakala mwenye uwezo wa kuhakikisha nafasi. Na yeyote atakayesoma nje aulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mapema kama shahada yake itatambuliwa hapa.

Nikiambiwa nina shilingi 20,000 tu na mwaka mmoja, ningezitumia kwa nauli ya Eldoret, kitabu cha HSK na ada ya mtihani. Hata njia zote nne zikifungika, ningebaki na maneno 600 ambayo jana sikuwa nayo. Siku reli itakapofika Kisumu, kila mtu wa Magharibi anayeweza kusoma ukurasa mmoja wa mkataba kwa Kichina atakuwa na faida kwa nchi nzima.