Kipimo cha wingi wa virusi: tenga nauli, usinunue kipimo

Umerudi mtaani kwako Nyasubi kutoka machimboni, mfukoni una hela ya wiki moja, na kipimo chako cha wingi wa VVU kimefikia wakati. Anzia kliniki ya tiba na matunzo (CTC). Kwenye kituo cha serikali kipimo hiki hulipii, kama usivyolipia ARV.

Gharama zipo, ila ziko kwingine: bodaboda, siku ya kazi iliyopotea, safari ya pili kufuata majibu. Zipunguze kwa kutoa damu siku ileile unayochukua dawa. Hakikisha pia namba ya simu kwenye faili ni unayotumia sasa. Ukihamia Kakola au Geita ukabadili laini, majibu yakiwa mabaya watakutafutia wapi?

Maabara binafsi hukuvutia kwa haraka yake. Kabla ya kutoa hela uliza: mashine ipo hapa, au sampuli inasafirishwa? Ikiwa inapelekwa Mwanza, umelipia safari ambayo sampuli ya CTC husafiri bure, kwa kuwa hospitali ya Bugando, hukohuko Mwanza, pia hupima. Uliza jumla yote: kufungua faili, kumwona daktari, usafirishaji. Mwaka 2014 bei ya vitendanishi kwa nchi za kipato cha chini na cha kati ilishushwa hadi takriban dola 9.40 za Marekani kwa kipimo kimoja. Mengine unayotozwa huenda ni ya huduma, na una haki ya kuelezwa moja moja.

Ughali wa kipimo hiki una sababu. VVU hubeba taarifa zake katika RNA, ambayo huharibika upesi. Maabara huigeuza kwanza kuwa DNA kwa kimeng'enya, kisha mashine huizidisha tena na tena huku ikihesabu. Damu ya kwenye chupa lazima izungushwe kwenye mashine kutenga plazma, kwa kawaida ndani ya saa 24, kisha itunzwe kwenye baridi. Tone lililokaushwa kwenye karatasi huvumilia joto na safari ndefu, lakini usahihi wake hupungua virusi vikiwa vichache. Ukiweza kuchagua, chagua chupa. Kituo kikiwa mbali na maabara, karatasi inatosha. Kwa vyovyote, huhitaji kukaa bila kula kabla ya kutoa damu.

Usipokee mbadala wa bei nafuu. Kipimo cha haraka cha mate au cha kidole hutafuta kingamwili. Hakisemi dawa inafanya kazi kiasi gani. CD4 huonyesha hali ya kinga, si wingi wa virusi. Vyote viwili vina kazi yake, lakini kwa swali hili ni hela iliyotupwa.

Mara nyingi unapima miezi 6 baada ya kuanza dawa, tena mwezi wa 12, kisha kila mwaka. Chini ya nakala 50 za virusi kwa mililita, hongera. Zikifika 1,000 au zaidi, utapewa ushauri wa ufuasi wa dawa na kurudia baada ya miezi 3 hivi. Usikimbilie kulipia kipimo cha pili mtaani wiki inayofuata: namba haitakuwa imebadilika vya kutosha kukusaidia, na daktari wa CTC bado atasubiri muda wake.

Ukijiandaa kuhama mgodi, omba barua ya uhamisho pamoja na nakala ya majibu ya mwisho. Bila hati hizo, kituo kipya kinaweza kukupima upya.