Kujifunza Lugha ya Kigeni kwa Video: Mambo Ambayo Mkazi wa Eastlands Anafaa Kujua

Katika mitaa ya Umoja, Kayole, Buruburu na Donholm, si jambo geni tena kumkuta kijana ameketi na simu akirudia maneno ya Kijerumani kwa sauti ya chini. Sababu kubwa ni ajira. Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba kuhusu uhamiaji na wafanyakazi, mbele ya Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz. Mkataba huo ulifungua mlango, lakini haukuondoa sharti la lugha.

Sharti hilo hupimwa kwa viwango vinavyotumika kote Ulaya, kuanzia A1 hadi C2. Anayekwenda kama au pair, yaani kuishi na familia na kusaidia kulea watoto, huhitaji A1. Anayekwenda kusomea kazi ya mikono au ya ofisi kwa kawaida hudaiwa B1. Muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe huko, mara nyingi hutakiwa kufika B2.

Karo ya darasa na ada ya mtihani ni mzigo kwa familia nyingi, na ndiyo maana video za bure mtandaoni zimekuwa kimbilio. Je, zinafaa? Zinafaa, mradi mwanafunzi ajue zinachofanya na zisichofanya.

Sikio hujifunza kabla ya ulimi

Mkazi wa Eastlands ana ushahidi wa jambo hili nyumbani kwake. Sheng ilikulia katika mitaa hii, na hakuna mtoto wa Kaloleni, Jericho au Dandora aliyefundishwa ubaoni. Aliisikia uwanjani, dukani na ndani ya matatu, akaielewa kwanza, kisha akaanza kuizungumza.

Hata Kiswahili chenyewe huingia hivyo. Mtoto husema "kiti kimevunjika" na "meza imevunjika" miaka kadhaa kabla ya kusikia neno "ngeli" shuleni. Sikio lake limezoea upatanisho huo kiasi kwamba kosa humkera bila yeye kujua kanuni. Kijerumani nacho hugawa majina katika makundi matatu, yanayoonyeshwa kwa vijineno der, die na das. Anayekariri orodha huchoka haraka. Anayesikia kila neno pamoja na kijineno chake mara nyingi, hulizoea kama alivyozoea ngeli.

Mtaalamu wa lugha wa Marekani, Stephen Krashen, alilieleza wazo hili katika miaka ya 1980: mtu hupata lugha anaposikia au kusoma ujumbe anaouelewa, uliozidi kidogo kiwango chake. Si wataalamu wote wanaokubaliana naye kwamba hilo pekee linatosha, lakini wengi wanakubali kwamba bila kusikia lugha kwa wingi, hakuna anayeimudu.

Neno muhimu hapo ni "anaouelewa". Kutazama taarifa ya habari ya Kijerumani kwa saa tatu bila kuambulia chochote ni sawa na kusikiliza mvua ikipiga mabati. Sauti ipo, maana haipo.

Kwa nini wengi huangushwa na kusikiliza

Mtihani wa B1 wa Goethe-Institut una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu huhitaji angalau alama 60 kati ya 100. Aliyeanguka sehemu moja anaweza kuirudia hiyo peke yake, lakini huilipia tena.

Mwanafunzi aliyesoma kwa vitabu pekee huzoea maneno yaliyotenganishwa vizuri kwenye ukurasa. Mjerumani halisi hazungumzi hivyo. "Ich habe" hufupishwa kuwa "ich hab", na "hast du" hugeuka "haste". Ni kama mgeni aliyejifunza "ninakwenda" kitabuni, kisha akashuka Barabara ya Jogoo na kusikia "naenda". Analijua neno, lakini limempita. Hapa ndipo video za wenyeji zina nguvu kuliko kitabu: zinampa msikilizaji lugha kwa kasi yake halisi, pamoja na uso na mikono ya msemaji, vitu vinavyosaidia kukisia maana.

Kuanzia wapi

Kwa anayeanza kabisa, shirika la utangazaji la Ujerumani, Deutsche Welle, hutoa bila malipo mfululizo wa video uitwao Nicos Weg. Unamfuata kijana kutoka Uhispania anayewasili Ujerumani na kupoteza mkoba wake, na unapanda kutoka A1 hadi B1. Shirika hilo pia hutoa habari zinazosomwa polepole, ambazo huwafaa waliofika kiwango cha kati.

Baada ya hapo, chaneli ya Easy German kwenye YouTube huwahoji watu barabarani na kuweka maneno yao chini ya skrini. Vipindi vya watoto pia visidharauliwe. Die Sendung mit der Maus, kilichoanza mwaka 1971, hueleza jinsi vitu vinavyotengenezwa, na lugha yake ni safi. Anayejiandaa kulea watoto atapata humo maneno atakayoyahitaji kila siku.

Namna ya kutazama

Kutazama kwa kujiburudisha na kutazama kwa kujifunza ni mambo mawili. Hatua hizi zinaweza kufuatwa kwa simu ya kawaida:

1. Chagua video fupi ya dakika tatu hadi tano. Itazame mara ya kwanza bila maandishi, ukijaribu kupata mada tu.

2. Itazame tena na maandishi ya Kijerumani, si ya Kiingereza. Maandishi ya Kiingereza yakiwapo, jicho husoma na sikio hulala.

3. Andika maneno matano au sita mapya, kila moja ndani ya sentensi yake. Majina yaandikwe pamoja na der, die au das.

4. Rudia kwa sauti sentensi moja moja, ukimfuata msemaji kwa mdundo wake.

5. Kesho yake, itazame video hiyohiyo kabla ya kufungua nyingine.

Wanaojali bando wanaweza kupunguza ubora wa picha, kwa kuwa kinachohitajika zaidi ni sauti. Wengine hupakua wakiwa mahali penye Wi-Fi na kutazama wakifika nyumbani. Kwa wanaokosa utulivu nyumbani, maktaba za kaunti zilizoko Kaloleni na Makadara, ambazo ni matawi ya Maktaba ya McMillan, ni mahali pa kuketi na kudurusu.

Video zisichoweza kufanya

Video haimsahihishi mtu. Anayetamka vibaya ataendelea hivyo hadi mwingine amweleze. Video pia haimfundishi mtu kuandika barua, ilhali mtihani unamtaka aandike. Kwa hivyo, anayetegemea simu anahitaji angalau mwenzake wa kuzungumza naye mara mbili au tatu kwa wiki, na mtu mwenye ujuzi wa kupitia maandishi yake.

Muda nao una ukweli wake. Goethe-Institut hukadiria kwamba kufika B1 huchukua vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45. Anayesoma saa moja kila siku bila kukosa hupata vipindi kama 486 kwa mwaka. Anayeahidiwa B1 kwa wiki chache anafaa kujiuliza maswali kabla ya kutoa pesa. Vilevile, hakuna video inayotoa cheti kinachokubalika ubalozini. Cheti hutoka kwa mtihani uliofanywa katika kituo kinachotambuliwa. Goethe-Institut yenyewe iko katikati ya jiji, Maendeleo House.

Wanaoelekea nchi za Ghuba

Kwa wanaojifunza Kiarabu, tahadhari ni moja: Kiarabu cha taarifa ya habari si kile kinachozungumzwa jikoni na sebuleni. Anayekwenda kufanya kazi Saudi Arabia au Qatar atafute video za wazungumzaji wa huko huko, kama vile tamthilia na vipindi vya mapishi vya Ghuba. Faida yake ni kwamba Kiswahili tayari kimempa mtaji. Kitabu, sahani, habari, wakati na safari ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na sikio litayatambua mapema. Hata Kijerumani kimetuachia "shule".

Lugha hii ina uzito kuliko cheti. Mfanyakazi anayeelewa anachoambiwa anaweza kueleza kwamba ni mgonjwa, kuuliza mshahara wake na kuomba msaada. Kabla ya kusafiri, wakazi wanashauriwa kuthibitisha kwamba wakala wao amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na kutotia saini mkataba ulioandikwa kwa lugha wasiyoisoma hadi watakapotafsiriwa kila kifungu.