Kansa ya Koo la Chakula: Kwa Nini Tunauliza Habari za Sigara?



Tunapompokea mgonjwa wa kansa ya koo la chakula, sisi wauguzi humwuliza: Unavuta sigara? Pombe je? Chai unainywa ya moto kiasi gani? Wengine huona tunawahukumu. Sivyo. Aliyevuta miaka mingi huja na mapafu yaliyochoka. Dawa ya usingizi humletea hatari zaidi, kidonda cha upasuaji huchelewa kupona, na nimonia humvamia upesi. Mnywaji wa gongo asiyekula vizuri huja amekonda, na pengine ini lake halistahimili dawa kali. Ugonjwa ni ule ule, ila nguvu za kupambana nao hazilingani.

Kuhusu chai, mwaka 2016 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 yaelekea husababisha kansa hii. Basi iacheni ipoe kidogo, haitapoteza utamu!

Aliyekwisha kuambiwa ana kansa asiseme, "Sasa niache ya nini?" Kuacha sigara hata siku hiyo kunamsaidia. Na chakula kikianza kukwama kooni, njoni mapema. Msingoje mpaka uji nao ushindwe kupita.