Mazuku: Rangi Inayotambua Hewa Tusiyoiona



Sisi tunaoishi Goma, Rubavu na kandokando ya Ziwa Kivu tunalijua neno mazuku. Ni mabonde na mashimo ambamo kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutuama, hasa kati ya Goma na Sake. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, haina rangi, na hujikusanya zaidi usiku na alfajiri upepo unapotulia. Katika hewa ya kawaida kiasi chake ni takriban asilimia 0.04, ikizidi asilimia 10, mtu huweza kuzimia upesi na kufa.

Kwa kuwa macho na pua havitoshi, wataalamu wamebuni vitambuzi vya nyuzi za kioo. Waliosoma sayansi shuleni wanakumbuka karatasi ya litimasi, inayobadilika rangi iguswapo na asidi. Vivyo hivyo, ncha ya uzi mwembamba wa kioo, unaofanana na ule upitishao intaneti, hupakwa utando wenye rangi ya namna hiyo. Mwanga hupita ndani ya uzi hadi kwenye ncha, kisha hurudi. Kaboni dioksidi ikipenya utandoni huungana na unyevu na kufanya asidi hafifu. Rangi hubadilika, mwanga unaorudi hubadilika nao, na mashine iliyo mbali husoma kiasi cha gesi. Gesi ikiondoka, rangi hurejea.

Faida yake ni kwamba ncha haihitaji umeme, na mpimaji hubaki mahali salama huku uzi ukiteremshwa shimoni. Hata hivyo, rangi hupauka kadiri muda unavyopita, na gesi nyingine zenye asidi huweza kuidanganya. Kwa hiyo kifaa hiki sharti kihakikiwe mara kwa mara.

Pasipo kipimo, tahadhari ndiyo kinga yetu. Ukiona ndege au mnyama amekufa bondeni, rudi nyuma. Ukimwona mtu ameanguka humo, usimfuate, maana aendaye kuokoa bila vifaa huongeza msiba. Panda mahali pa juu, wazuie wengine, kisha ita polisi na waokoaji.

Kila siku tunavuka mpaka kwenda sokoni na shambani, na mgeni hajui bonde lipi ni la hatari. Mwenyeji, mwonye kabla hajashuka.