Mlinzi wa Kukodi Akiua Raia, Nani Anapanda Kizimbani?

Mwishoni mwa Januari 2025 nilikuwa nyumbani Sapiwi. Tumetoka kupalilia pamba, tumekaa chini ya mwembe, redio inasema Goma imeangukia mikononi mwa M23. Ikafuata habari iliyomfanya mjomba aongeze sauti: wazungu zaidi ya 280, wengi wao Waromania, waliokuwa wameajiriwa kulisaidia jeshi la Kongo, wamejisalimisha na kuvushwa mpaka kuingia Rwanda ili warudishwe kwao. Hawakuwa jeshi la Romania. Walikuwa watu wa mkataba.

"Ngosha, wewe si ndiyo unasomea sheria? Hawa watu, tuseme wameua raia huko. Nani anawashtaki?"

Nikajibu haraka, kama mtu aliyejiandaa kwa mtihani: "Kuna sheria za kimataifa, mjomba."

Akacheka. "Sheria najua ipo. Nimeuliza nani."

Nimerudi chuo na swali hilo, na nadhani mjomba ameligusa vizuri kuliko mihadhara kadhaa niliyohudhuria. Maana wasomi wengi tukiongelea kampuni binafsi za kijeshi huwa tunasema "hakuna sheria". Si kweli. Sheria ya vita, yaani Mikataba ya Geneva ya 1949 na nyongeza zake, inamkataza kila mpiganaji kumlenga raia, na haiulizi mshahara unatoka hazina ya serikali au akaunti ya kampuni. Mlinzi wa kukodi akimpiga risasi mama sokoni katikati ya vita, hilo linaweza kuwa kosa la kivita sawasawa na la askari wa jeshi. Tatizo liko mbele kidogo: ni mahakama ipi itafungua mlango, na atakayeingia ni mlinzi mwenyewe, bosi wake, au kampuni iliyosaini mkataba.

Watu wanakimbilia neno "mamluki". Linasikika kali, lakini mahakamani ni neno goigoi. Ibara ya 47 ya Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 inaweka masharti sita, na yote lazima yatimie kwa pamoja: awe ameajiriwa mahsusi kupigana, ashiriki moja kwa moja kwenye mapigano, asukumwe na pesa inayozidi sana ya askari wa kawaida wa cheo chake, asiwe raia wala mkazi wa upande wowote wa vita, asiwe kwenye jeshi la upande wowote, na asiwe ametumwa na nchi nyingine kikazi. Ukikosa moja, umetoka. Mkataba ukiandika "mkufunzi" au "mlinzi wa msafara", wakili wa mshtakiwa ameshapata pa kuanzia. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitunga mkataba wake wa kufuta umamluki kule Libreville mwaka huohuo wa 1977, ukaanza kutumika 1985, na mtego ni uleule. Tena hata akithibitika kuwa mamluki, hilo peke yake halimlipi mjane chochote.

Na kampuni je? Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, ambayo Tanzania ni mwanachama wake tangu 2002, inashtaki watu tu. Kampuni haipandi kizimbani The Hague. Afrika ilijaribu kuziba pengo hilo kwa Itifaki ya Malabo ya 2014, inayoipa Mahakama ya Afrika uwezo wa kuhukumu kampuni na kuutaja umamluki kuwa kosa. Inahitaji nchi 15 ziridhie ndipo ianze kazi. Haijaanza.

Kwa hiyo tuangalie pale ambapo watu walijaribu kweli. Iraq, tarehe 16 Septemba 2007, uwanja wa Nisour, Baghdad. Walinzi wa Blackwater, kampuni ya Kimarekani iliyokodiwa kulinda wanadiplomasia, walifyatua risasi kwenye msongamano wa magari. Serikali ya Iraq ilihesabu raia 17 waliokufa. Kwa nini Iraq haikuwashtaki yenyewe, wakati damu ilimwagika kwenye lami yake? Kwa sababu Juni 2004, siku moja tu kabla Wamarekani hawajakabidhi madaraka, mtawala wao Paul Bremer alisaini marekebisho ya Amri namba 17 iliyowapa wakandarasi kinga dhidi ya mahakama za Iraq. Mlango wa nyumbani ulifungwa kwa kalamu. Ikabidi ndugu wa marehemu wasubiri Washington. Walinzi wanne walitiwa hatiani 2014, mmoja wao akarudiwa kesi na kutiwa hatiani tena. Halafu Desemba 2020 Rais Trump akawasamehe wote wanne.

Yaani miaka 13 ya mashahidi na ushahidi, ikaisha kwa sahihi moja.

Kuna njia nyingine, haina pingu lakini haifutwi kwa msamaha wa rais: madai ya fidia. Wanaume watatu wa Iraq walioteswa gereza la Abu Ghraib waliishtaki kampuni ya CACI, iliyopeleka wahoji pale. Shauri lilifunguliwa 2008. Baraza la wazee wa mahakama huko Virginia liliamua Novemba 2024 walipwe dola milioni 42, na kampuni ikakata rufaa. Miaka 16, jamani. Kuna waliomaliza chuo na kupata wajukuu ndani ya muda huo.

Mjomba alinisikiliza mpaka hapo, akaniuliza kwa nini naenda mbali hivyo. "Mwadui je?"

Nikanyamaza. Ukitoka Bariadi, ukapita Maswa mpaka Mwigumbi, umeshakuwa jirani na mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui, wilayani Kishapu. Hakuna vita pale, hilo tulikubaliane mapema, kwa hiyo sheria ya Geneva haihusiki. Lakini wakati wa matukio yale mpangilio ulikuwa uleule: kampuni mama iliyo kwenye soko la hisa la London, Petra Diamonds, iliyokuwa na asilimia 75 ya mgodi huku serikali yetu ikiwa na 25, chini yake kampuni ya mgodi, na chini ya hiyo kampuni ya ulinzi iliyokodiwa, Zenith Security, iliyokuwa na walinzi wenye silaha. Upande wa pili wapo wabeshi, vijana wanaoingia usiku kutafuta almasi kwenye mchanga.

Mwaka 2020 kampuni ya mawakili ya Leigh Day ilifungua madai Mahakama Kuu ya London kwa niaba ya watu wa maeneo hayo. Walidai kupigwa risasi, kupigwa na kuwekwa kizuizini, na baadhi walidai kwa niaba ya ndugu waliokufa. Mei 2021 Petra ilikubali kumaliza shauri na wadai 71 kwa pauni milioni 4.3, ndani yake zikiwemo fidia, mchango wa gharama za mawakili na miradi ya jamii. Haikukiri kuwa na hatia kisheria. Ilikubali tu kwamba huko nyuma yalitokea matukio ya kusikitisha, ya vifo, majeraha na kutendewa vibaya kwa wachimbaji haramu, yakihusisha walinzi wa kukodi na polisi. Mkandarasi akabadilishwa, na ukaanzishwa utaratibu wa kupokea malalamiko ya wengine.

Kwa nini London na si Shinyanga? Kwa sababu mwaka 2019, katika shauri la wanakijiji wa Zambia dhidi ya Vedanta, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kampuni mama inaweza kuwajibika kwa madhara ya kampuni yake tanzu nje ya nchi, ikiwa yenyewe ilijiingiza kusimamia mambo husika. Hapo ndipo karatasi zinaposema: nani aliandika sera ya ulinzi, nani alikuwa akipokea ripoti za matukio, nani alisaini malipo ya walinzi. Mkataba unaotumika kuficha uhusiano ndio huohuo unaouonyesha. Hiki ndicho kipande cha sheria ninachokipenda kuliko vyote, ingawa mhadhiri wangu anasema nakishabikia kupita kiasi.

Labda ana hoja. Watanzania waliodai kuumizwa na polisi wanaolinda mgodi wa North Mara walikwenda Ontario, Kanada, kuishtaki Barrick, na Novemba 2024 jaji akasema mahakama yake haina mamlaka juu ya shauri hilo. Ufunguo uliofungua London haukuingia Toronto. Na hata Mwadui, pesa ilitoka lakini hukumu haikutoka. Hakuna jaji aliyesimama na kusema fulani alimuua fulani. Kwa aliyepoteza mguu, fidia ni kitu kikubwa, na sitamdharau mtu aliyeipokea. Ila tusiiite hukumu.

Mjomba alikuwa na kipimo chake. "Sisi hapa sungusungu akimpiga mtu kupita kiasi, tunajua ni mtoto wa nani. Tunamwita kwenye mkutano." Nilimkumbusha kwamba sungusungu nao wameua watu Usukumani, na si wote walioitwa kwenye mkutano. Akakubali, kwa shingo upande. Lakini alichomaanisha nilikielewa: mlinzi wa mkataba anaondoka na mkataba wake. Leo yuko getini, kesho kampuni imebadilishwa, sare imebadilishwa, na wewe unabaki na kovu lisilo na jina la mtu.

Ndiyo maana mwisho nilimwambia vitu vidogo, si vya The Hague. Mtu akiumizwa, apate PF3. Najua ugumu wake: fomu inatoka polisi, na kama aliyekupiga alikuwa na polisi pembeni yake, unakwenda kumwomba karatasi mtu unayemwogopa. Kwenye dharura matibabu yasisubiri fomu. Daktari aandike alichokiona, risasi imeingilia wapi, saa ngapi. Kadi ya hospitali itunzwe. Namba ya gari, rangi ya sare na majina ya waliokuwepo viandikwe siku ileile. Na asikae sana, kwa sababu sheria yetu ya ukomo inatoa miaka mitatu kwa madai ya madhara ya namna hii, na hata mahakama ya Uingereza kwa kawaida inahesabu muda kwa sheria ya mahali tukio lilipotokea.

"Miaka mitatu," mjomba akarudia. Akahesabu kwa vidole, kimyakimya, kisha akaniuliza kama kuna kijana mmoja anayemfahamu bado yumo ndani ya muda. Nilimwomba aniambie tarehe. Hakuikumbuka, akatuma mtoto aende kumwita.