Ngoma Zilizohukumiwa

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, ukashuka Kisesa, u karibu na Bujora. Pale utaliona kanisa la duara, lililojengwa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma.

Jambo hilo si dogo. Wamisionari wengi waliotangulia, na waumini wenyewe vilevile, walizoea kuziita ngoma za Wasukuma kazi ya shetani. Mchezaji alihesabiwa mpagani kabla hajafungua kinywa. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alishika njia nyingine. Alikaa na wazee, akauliza, akasikiliza. Mwaka 1968 makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa papo hapo parokiani. Na sikukuu ya Ekaristi, mwezi Juni, ikaenda pamoja na Bulabo: Bagika na Bagalu, wapinzani tangu karne ya 19, wakashindana kucheza, na wacheza na nyoka wasifukuzwe. (Nyoka wenyewe ni chatu, si mchezo!)

Padre huyo alifariki mwaka 1986. Sisi tulio mjini, je? Binti aliyezaa nyumbani huondolewa katika kwaya. Mama aliyeonekana kwa mganga husengenywa hata jumuiyani. Yule Farisayo wa Injili ya Luka alifunga kweli mara mbili kwa juma, hakusema uongo. Kosa lake lilianza alipogeuka kumtazama jirani.

Jumapili hii, basi, ukimwona mama yule peke yake kwenye benchi la nyuma, kaa naye, umwulize hali ya watoto.