Gari Likilala, Marejesho Hayalali

Hiace yangu iko juu ya mawe wiki ya tatu sasa, kwenye gereji moja hapa Ngokolo, mjini Shinyanga. Injini imeshushwa. Silinda hedi imelazwa juu ya gunia, fundi ameipaka mafuta isishike kutu, na boliti zake amezitia ndani ya kopo la rangi asije akapoteza hata moja. Apitaye anaona gari bovu. Mimi naona Ijumaa, maana kila Ijumaa kikoba kinataka marejesho ya mkopo wangu, gari liwe barabarani au liwe juu ya mawe.

Lilipokuwa zima, dereva aliliondoa alfajiri kwenda Kahama kupitia Tinde na Isaka, na jioni akaniletea hesabu. Siku hizo deni sikulisikia. Ndiyo maana habari za shirika letu la ndege, Air Tanzania, zikisomwa pale gerejini sizisikii kama wenzangu. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, CAG, ilionyesha kwamba hasara ya shirika ilipanda kutoka shilingi bilioni 56.6 mwaka 2022/23 hadi bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Vijana wakaanza kubishana nani kala. Mimi nikauliza: ndege zililala siku ngapi?

Zililala sana. Airbus A220 zetu zinatumia injini za Pratt & Whitney, na injini hizo zilianza kuchoka kabla ya wakati wake. Novemba 2022 shirika likatangaza kupunguza safari. Wenye ndege za aina hiyo Ulaya nao walipaki zao, wote wakapanga foleni kwenye karakana zilezile chache wakisubiri spea. Katika foleni hiyo tajiri mwenye ndege nyingi anapumua. Sisi wenye ndege nne za aina hiyo, kila moja ikilala ni robo ya hesabu.

Hapo kuna jambo ambalo abiria wengi hawalijui. Ndege nyingi tunazoziona si mali ya shirika. Zilinunuliwa na serikali, zikawekwa chini ya Wakala wa Ndege za Serikali, na shirika linazikodi. Kwa lugha ya stendi, wakala ndiye tajiri, shirika ndilo dereva. Desturi yetu huku, gari likiharibika dereva haleti hesabu. CAG ameshauri masharti ya ukodishaji huo yatazamwe upya, nami naona ana haki.

Tulikwisha kuumia kwa kodi ya ndege iliyolala. Mwaka 2007 shirika lilikodi Airbus A320 kwa kampuni ya Wallis Trading, mkataba wa miaka sita, kodi dola 370,000 kwa mwezi. Ndege ilifanya kazi muda mfupi, ikapelekwa nje kwa matengenezo, ikakaa huko. Kodi haikukaa. Deni lilipita dola milioni 40, na likabaki mabegani mwa walipa kodi, wakiwamo akina mama wa mitumba hapa Ngokolo ambao hawajawahi kuikanyaga ngazi ya ndege.

Historia yenyewe haikuanza vibaya. Shirika la pamoja la Afrika Mashariki lilipovunjika mwanzoni mwa 1977, Tanzania iliunda lake Machi mwaka huohuo. Mwaka 2002 South African Airways wakanunua asilimia 49 kwa dola milioni 20, na mwaka 2006 serikali ikazirudisha hisa hizo. Desemba 2008 mamlaka ya usafiri wa anga ikaondoa cheti cha kurusha ndege, na safari zikasimama hadi mwezi uliofuata. Kufikia 2016 ndege nzima ilikuwa moja, Dash 8 ndogo. Kisha serikali ya Rais Magufuli ikaanza kununua mpya, na kufikia 2024 zilikuwa 16.

Hata mpya hulala kwa deni la mwingine. Agosti 2019 Airbus yetu ilizuiwa Johannesburg kwa kuwa mkulima aliyetaifishiwa mali miaka ya 1980 alikuwa anaidai serikali. Shirika halikukopa kwake hata senti, lakini ndege ikakaa chini siku kumi na zaidi.

Wapo wanaosema shirika lifungwe. Mimi siwezi kusema hivyo. Mwaka 2019 mama yangu alipewa rufaa kutoka hospitali ya Bugando, Mwanza, kwenda Ocean Road, Dar es Salaam. Hakuweza kukaa muda mrefu. Basi ni usiku kucha na mchana, na kila tuta lingempita mgongoni. Tuliuza ng'ombe wawili, tukapanda ndege Mwanza. Saa moja na nusu tu, kichwa chake begani kwangu, mkono wake umeshika kitambaa cha kanga. Tuliposhuka alisimama uwanjani akamtazama yule twiga aliyechorwa mkiani mwa ndege, akasema kwa Kisukuma kwamba amependeza. Ndege ile isingekuwepo, sijui ningempelekaje.

Kwa hiyo tukitangaziwa ndege mpya napiga makofi, ila nasubiri namba nyingine: siku ngapi kwa mwezi kila ndege imeruka, na injini za akiba ni ngapi. Nauli ya Mwanza inalipwa kwa shilingi, injini inanunuliwa kwa dola. Mwaka 2023 dola ilipoadimika hata mimi mwenye Hiace niliisikia kwenye bei ya gasketi.

Jana fundi alinipigia. "Mama Kulwa, hedi imetoka kuchongwa, kesho nafunga." Nikamuuliza kama kuna gasketi ya pili ya kuweka stoo. Akacheka, akasema nimeanza kuongea kama mwenye mabasi. Nimemtumia hela ya mbili.